Je, Wajua? Pasi moja, milima mingi, foleni ndefu

Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts ya Marekani ilianza kuuza Epic Pass kwa dola 579: pasi moja ya msimu mzima, inayofungua milima kadhaa ya kuteleza kwenye theluji. Mshindani wake, Ikon Pass, akaingia sokoni mwaka 2018.

Wateja walifurika. Huko katika jimbo la Utah, theluji mpya ikianguka, magari hupanga foleni tangu alfajiri katika barabara nyembamba ya Little Cottonwood. Alta, kituo cha kuteleza kilicho kwenye barabara hiyo, kililazimika kuwataka wateja waweke nafasi ya maegesho mapema siku za wikendi na sikukuu.

Vituo vidogo navyo havikukaa kimya. Tangu 2019 vingi vimejiunga na Indy Pass, inayompa mteja siku mbili katika kila kituo, huku mapato yakigawanywa kwa kufuata idadi ya wageni waliofika.