Rusumo: Taa inayoamka mtu akipita

Mfanyabiashara wa mpakani anajua kuwa giza lina bei yake. Hapa Rusumo, Mto Akagera unapotenganisha Rwanda na Tanzania, mzigo ukifika usiku muuzaji hasomi mizani vizuri wala hatambui noti bandia. Mnunuzi mjanja husubiri saa hizo.

Ndiyo maana nilijenga mstari wa taa 8 kwenye ukuta wa kibanda changu. Mtu akiingia uchochoroni, ya kwanza humlaki, ya pili hufuata, hadi ya mwisho iliyo juu ya mizani.

Mwanzoni mwa uchochoro kipo kihisi kinachotambua mwendo hadi mita 7 hivi. Umeme kinaotoa ni volti 3 tu, hauwezi kuwasha taa. Kazi yake ni kuiarifu Arduino, kibao cha kompyuta kilichobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Kibao hicho huamuru: washa, subiri nusu sekunde, washa inayofuata. Kila taa ina transista yake, inayofungulia umeme wa volti 12 kutoka betri inayochajiwa na jua.

Fundi atakayejaribu akumbuke kuwa kihisi hiki hakioni sura; huhisi joto la mwili linaposogea. Kwa hiyo kisielekezwe kwenye jiko la mishikaki, maana kitawasha taa bila mtu. Pia anayehesabu fedha husimama kimya, na kihisi kikidhani ameondoka, giza litamkuta katikati ya hesabu. Skrubu ndogo iliyo kwenye kihisi hurefusha muda. Yangu nimeiweka kwenye dakika 4.

Sisi tuliovuka mto huu kurudi nyumbani Desemba 1996 tulianza na mtaji wa kubebwa kichwani. Kilo 2 zilizoibwa kwenye mizani si jambo dogo kwa mtu wa namna hiyo.

Si wote waliofurahi. Mnunuzi mmoja aliniambia waziwazi kuwa taa zangu zinamharibia kazi, akahamia vibanda vya mbele ambako bado kuna giza. Wiki iliyofuata akina mama wanaouza huko walikuja kuniuliza bei ya betri. Wameanza kuchangishana.