Istilahi za Fiziotherapia Nyumbani kwa Mgonjwa

Istilahi za tiba aghalabu hujadiliwa kana kwamba matumizi yake huanzia na kuishia hospitalini. Katika makala hii tunakusudia kuitazama kazi ambayo sehemu kubwa ya lugha yake husemwa ukumbini na kizingitini mwa nyumba ya mgonjwa, mbele ya jamaa zake. Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa fiziotherapia anayewafuata wagonjwa majumbani. Akitumia neno lenye maana mbili kisha akaondoka, mgonjwa hubaki na neno hilo mpaka ziara ijayo, na huenda likamwangusha.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Neno fiziotherapia lina asili ya Kigiriki, nalo limekwisha kuzoeleka katika hospitali zetu. Wengine husema tibamaungo. Hata hivyo, katika nyumba nyingi mtaalamu huyu huitwa mkandaji. Jina hilo si la ajabu, kwa maana hata huko Uingereza chama cha kazi hii kilichoundwa na wauguzi wanne mwaka 1894 kilikuwa chama cha wakandaji, na jina la fiziotherapia kilijipatia katika miaka ya 1940. Tatizo ni kwamba anayekandwa hulala akatendewa, ilhali tiba hii hudai mgonjwa atende mwenyewe. Familia inayomngoja mkandaji hungoja mikono yake. Akiondoka, mazoezi nayo huondoka. Kadhalika, kumwita mtaalamu wa mazoezi ya viungo humfanya adhaniwe kuwa mwalimu wa michezo. Kwa hiyo tunaona fiziotherapia na tibamaungo yafaa zaidi.

Akiisha kupiga hodi na kuwaamkia wakubwa, mtaalamu huitazama nyumba pamoja na mgonjwa: kitanda kina kimo gani, choo kiko umbali gani, mlangoni pana vidato vingapi. Kisha hupima nguvu za misuli. Kipimo kinachotumika sana kina daraja 0 hadi 5. Katika daraja 0 msuli haujikazi hata kidogo. Katika daraja 3 mgonjwa aweza kuinua kiungo dhidi ya uzito wake chenyewe. Daraja 5 ni nguvu timamu. Lugha ya kila siku, lakini, huziita daraja zote za chini kwa neno moja, kupooza. Mtu mwenye daraja 2 anayeambiwa kuwa mkono wake umepooza huweza kuacha kuujaribu, na mkono usiojaribiwa huzidi kukakamaa. Tunapendekeza kupooza litumike pale tu ambapo msuli haujikazi kabisa, na kudhoofika pale ambapo nguvu imepungua lakini ipo.

Hatari kubwa zaidi imo katika maagizo ya kutembea. Mgonjwa mwenye mguu mmoja dhaifu hufundishwa kushika mkongojo kwa mkono wa upande wa pili. Akipanda ngazi hutanguliza mguu usio na ugonjwa. Akishuka hutanguliza mkongojo na mguu dhaifu. Sasa, mguu usio na ugonjwa twauita mguu mzima. Lakini mguu mzima ni pia mguu wote, kuanzia nyonga hadi vidole. Bibi anayeambiwa, "Tanguliza mguu mzima," aweza kudhani kuwa anatakiwa kukanyaga kwa wayo wote, wala asijue ni mguu upi. Mguu mzuri na mguu mbaya nayo hayafai, kwani ni vigumu mtu kuupenda na kuuzoeza mguu ulioitwa mbaya. Semi mguu wenye nguvu na mguu dhaifu hazina utata huo: "Bibi, ukipanda, tanguliza mguu wenye nguvu."

Neno mguu lenyewe lahitaji uangalifu, kwa kuwa Kiswahili hulitumia kwa sehemu yote tangu pajani hadi unyayoni, kama mkono unavyoanzia begani hadi vidoleni. Agizo la "inua mguu" halitoshi. Lugha yetu haikupungukiwa na maneno: tuna paja, goti, muundi, kigimbi, kisigino na wayo. Vivyo hivyo neno kiungo hubeba maana ya mkono au mguu, na pia ya mahali mifupa miwili inapokutana. Kwa maana hii ya pili tunapendekeza maungio.

Mwisho ni hesabu ya mazoezi. Agizo la "mara kumi, mara tatu" humwacha mgonjwa akijiuliza kama afanye kumi, thelathini au kumi na tatu. Wauzaji wa dawa wamekwisha kutuzoesha usemi kutwa mara tatu, basi na tuseme "kumi kwa mkupuo mmoja, kutwa mara tatu."

Kwa muhtasari, tunapendekeza:

Kupooza: msuli kutojikaza kabisa.
Kudhoofika: nguvu ya msuli kupungua bila kwisha.
Kukakamaa: maungio kuwa magumu kukunjika na kunyooka.
Maungio: mahali mifupa inapokutana.
Mguu wenye nguvu, mguu dhaifu: badala ya mguu mzima na mguu mbaya.
Mkupuo: fungu moja la zoezi linalofanywa bila kupumzika.

Istilahi hupimwa kwa usahihi wake na kwa ulinganifu wake na maneno mengine. Kwa istilahi za kazi hii tunaongeza kipimo cha tatu: mgonjwa akiisha kulisikia neno, atende mbele ya mtaalamu kile alichokielewa. Iwapo tendo silo lililokusudiwa, neno ndilo la kurekebishwa kwanza. Tunawaomba wataalamu wanaozunguka majumbani watuletee maneno wanayoyasikia huko, ili mapendekezo haya yajadiliwe na kukamilishwa.