Kwaresima: kumsimamia mkatekumeni si kazi ya siku moja ya ubatizo

Katika parokia nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, wakatekumeni wako katika majuma ya mwisho ya kujitayarisha kwa ubatizo. Kwaresima ya mwaka huu wa 2026 ilianza Jumatano ya Majivu, tarehe 18 Februari, na Pasaka itakuwa tarehe 5 Aprili. Kwa wakati huu familia zinatafuta nguo nyeupe, mshumaa, na mtu wa kusimama pembeni ya mbatizwa: baba wa ubatizo au mama wa ubatizo.

Mara nyingi mtu huyo anatafutwa mwishoni kabisa, na swali la kwanza ni kama ana uwezo. Anaombwa kwa sababu ana mshahara, ana duka, ama anaweza kusaidia gharama za sherehe. Siku inafika, anaweka mkono begani mwa mbatizwa, wanapigwa picha, watu wanakula. Kisha hapo, wawili hao wanakutana kwa bahati tu, njiani au sokoni. Upande mwingine, kuna wakristu wenye kusali na kuishi vizuri na jirani zao ambao wanakataa kazi hiyo kwa haya, wakisema hawana kitu mfukoni.

Sheria za Kanisa Katoliki haziulizi habari ya mfuko. Kanuni ya 872 hadi 874 zinasema kwamba msimamizi awe ametimiza miaka 16, isipokuwa askofu ameweka umri mwingine. Awe mkatoliki aliyekwisha kupata kipaimara na komunyo. Maisha yake yalingane na imani. Na asiwe baba wala mama mzazi wa mbatizwa. Kazi yake inatajwa pia: kumsaidia mtu mzima katika njia ya kuingia Ukristu, na kumsaidia mbatizwa aishi kadiri ya ubatizo wake. Mama anayeuza makala sokoni anaweza kuifanya kazi hiyo. Mwanafunzi wa miaka 18 pia.

Utaratibu wa ubatizo wa watu wazima, uliotolewa Roma mwaka 1972, unaweka kazi hiyo ndani ya Kwaresima yenyewe. Kwa kawaida, Dominika ya kwanza ni ya uchaguzi. Majina ya wakatekumeni yanaandikwa, na wasimamizi wanaulizwa mbele ya Kanisa kama watu hawa wamelisikiliza Neno la Mungu na kuanza kulishika. Aliyekutana na mkatekumeni wake mara moja tu atajibu nini? Anayeulizwa hapo anatakiwa kujua: anasali namna gani, anaishi vipi nyumbani, amepatana na nani, bado ana ugomvi na nani.

Dominika ya tatu, ya nne na ya tano, wakatekumeni wanaombewa kwa namna ya pekee. Injili zake ni za Yohane: mwanamke Msamaria kwenye kisima, kipofu wa tangu kuzaliwa, na Lazaro aliyetolewa kaburini. Mwaka huu zinasomwa tarehe 8, 15 na 22 Machi. Kwa msimamizi, hizo ni nafasi tatu za kukaa na mkatekumeni na kuzungumza. Una kiu ya nini katika maisha yako? Ni kitu gani hukukiona zamani na sasa unakiona? Ni jambo gani lililokufa ndani yako unaloomba Mungu aliamshe? Mtu hawezi kumuuliza mwenzake maswali hayo bila kujiuliza yeye mwenyewe. Kwa hiyo anayefundisha naye anakua, hata kama alibatizwa miaka 30 iliyopita.

Katika Kongo, mahali pa mazungumzo hayo papo tayari. Tangu mwaka 1961, maaskofu wa nchi yetu walichagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo za mitaani, zile ambazo wengi wetu tunaziita shirika. Ndani ya shirika watu wanajuana kwa majina, wanatembelea wagonjwa, wanazika pamoja. Umuhimu wake umezidi kuonekana tangu vita vilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari mwaka huo. Familia zilitawanyika. Mtu anaweza kuanza mafundisho katika parokia moja na kulazimika kuyaendeleza katika parokia nyingine, ambako hajulikani na mtu. Shirika linalompokea na kumpa mtu wa kutembea naye linamsaidia asiache njia katikati.

Wakristu wawili wa nchi hii, ambao Kanisa limewatangaza wenye heri, wanaonyesha kwamba kazi hiyo haingoji upadri wala uzee.

Isidore Bakanja alibatizwa tarehe 6 Mei 1906 huko Mbandaka, akiwa kijana mfanyakazi. Alipokwenda kufanya kazi katika shamba la wazungu, aliwafundisha wafanyakazi wenzake kusali. Msimamizi wa shamba alichukia sala hizo na skapulari aliyoivaa, akaamuru apigwe vikali. Bakanja alikufa kwa vidonda tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyemtesa. Alikuwa na miaka 3 tu ya ubatizo.

Floribert Bwana Chui ni mtoto wa Goma, aliyezaliwa mwaka 1981. Katika jumuiya ya Sant'Egidio alijitoa kwa watoto wa barabarani, wale ambao wengi wanawaita maibobo, akiwasaidia wasome. Kazini, katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, alikataa pesa alizopewa ili aruhusu chakula kilichooza kiingie sokoni. Kabla ya hapo alimwuliza mtawa mmoja daktari, rafiki yake, kama chakula kile kingeweza kudhuru watu. Kijana huyo aliyeongoza wengine alikuwa na mtu wake wa kumwuliza. Aliuawa mwezi wa Julai 2007, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma.

Kufunga nako ni somo ambalo mkatekumeni analipata zaidi kwa kumtazama msimamizi wake. Sheria inadai kufunga siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Lakini kuna nyumba nyingi ambamo watu wanakula mara moja kwa siku bila kuchagua. Nabii Isaya aliwaambia watu wake kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni kuondoa uonevu na kugawa chakula na mwenye njaa. Kwetu, mfungo huo unaweza kuwa kutorusha kwenye simu maneno ya chuki juu ya kabila la jirani, kumlipa kibarua siku ile ile, au kurudisha deni la muda mrefu. Mkatekumeni akiona baba yake wa ubatizo anafanya hivyo, amepata fundisho ambalo halimo katika daftari.

Kwa waliokwisha kukubali kazi hiyo, majuma yaliyobaki yanatosha kwa mambo machache: kupanga saa moja kila juma, kusoma pamoja Injili ya Dominika, kwenda wote wawili kwenye Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa, na kumpeleka mkatekumeni katika shirika ili ajulikane. Walio mbali wanaweza kupigiana simu. Baada ya usiku wa Pasaka zinabaki siku 50 hadi Pentekoste, tarehe 24 Mei, na Kanisa linaziweka kwa ajili ya kuendelea kuwasindikiza wabatizwa wapya. Ni katika siku hizo wengi wanaanza kukosa Misa, na mtu wa kwanza kugonga mlangoni kuuliza habari yao anapaswa kuwa yule aliyeweka mkono begani.