Kilatini kinamtisha mwanao? Ufunguo anao mdomoni

Je, mzazi, umewahi kumsikia mwanao jioni akikariri "larva, larvae, fungus, fungi, bacterium, bacteria" huku amefumba macho kama anayemeza dawa chungu? Ikiwa unaishi Umoja, Kayole, Dandora au Buruburu, ambako nyumba zimebanana na ukuta ni mmoja, huenda hata wa jirani umemsikia.

Maneno hayo ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Hakuna mtoto anayezaliwa leo akaimba nayo chekechea, lakini lugha yenyewe haijazikwa. Imo katika vitabu vya baiolojia, mahakamani, hospitalini na katika seminari. Mwanafunzi anayetamani udaktari, uwakili, kilimo au upadri atakutana nayo tu, apende asipende.

Wengi huiogopa. Anayeogopa hukariri, na anayekariri bila kuelewa huyaacha maneno yote mlangoni pa chumba cha mtihani. Hapo ndoto ya miaka mingi, pamoja na karo ambayo mama aliipata kwa kuuza mboga sokoni, huanza kuyumba.

Lakini subiri kidogo, msomaji. Mtoto wa Eastlands ana ufunguo ambao mtoto wa London hakuzaliwa nao. Ufunguo huo ni ngeli, zile zile anazozilalamikia katika somo la Kiswahili.

Kichwa na mkia

Tazama maneno haya: mtu, watu, kiti, viti, mti, miti, jicho, macho. Tunapotaka wingi, Kiswahili hugeuza kichwa cha neno. Kilatini nacho hugeuza mkia. Larva moja, larvae nyingi. Fungus moja, fungi nyingi. Bacterium moja, bacteria nyingi.

Basi mwanafunzi ashike makundi matatu ya kuanzia: kwa kawaida -a huwa -ae, -us huwa -i, na -um huwa -a. Yapo makundi mengine, na wapo wakaidi pia. Neno corpus, yaani mwili, huwa corpora. Hilo lisimshtue mtu ambaye lugha yake ina jino na meno.

Hata Sheng haijaitupa kanuni. Kijana anayesema "madem" na "mabeshte" amegeuza kichwa cha neno vile vile. Tofauti ni kwamba Sheng hupenda kuyafunga maneno mengi kwa kamba moja ya ma-. Sheng si adui, ila ikibaki peke yake humnyima mtoto zoezi la kuyapanga maneno kwa makundi, na zoezi hilo ndilo Kilatini kinalomdai.

Sukumawiki sahani moja

Sasa twende sokoni. Jina la kisayansi la sukumawiki ni Brassica oleracea. Tikiti maji ni Citrullus lanatus. Kiazi kinachokaangwa chipsi pale kwenye kona ni Solanum tuberosum. Yatazame majina hayo mkiani: a na a, us na us, um na um. Neno la pili linalifuata la kwanza kama vile sisi tunavyosema kitabu kikubwa, mti mkubwa, jicho kubwa. Huo ni upatanisho wa kisarufi, si mwingine.

Maana nayo si ngumu. Oleracea ni ya mboga, lanatus ni yenye sufu, tuberosum ni yenye vinundu. Mwanafunzi aliyeelewa hayo hawezi kuandika Solanum tuberosus, kama vile hawezi kusema "kitabu mkubwa" mbele ya mwalimu wake. Si kila mara mikia hufanana kwa sura. Maharagwe huitwa Phaseolus vulgaris, kwa sababu vulgaris ni kivumishi cha kundi jingine. Hata hivyo, upatanisho upo.

Mkia wenye kazi nyingi

Mkia wa Kilatini haufanyi kazi ya wingi tu. Huonyesha pia nani ametenda na nani ametendwa. Puella puerum vocat ni kusema msichana anamwita mvulana. Ukisema puellam puer vocat, mambo yamegeuka: sasa mvulana ndiye anayemwita msichana. Mpangilio wa maneno ni ule ule, msichana kwanza, mvulana kisha. Kilichobadilika ni mikia.

Mkia huweza hata kubeba neno "kwa". Wito wa Chuo Kikuu cha Nairobi ni Unitate et Labore. Unitas ni umoja, labor ni kazi. Yakipata mkia wa -e, yanakuwa unitate na labore, yaani kwa umoja na kwa kazi.

Waliotangulia

Haya si mambo ya jana. Mwaka wa 1659, padri Mwitaliano Giacinto Brusciotto alichapisha mjini Roma kitabu cha sarufi ya Kikongo, ndugu ya Kiswahili, alichokiandika kwa Kilatini. Yeye aliyelelewa na lugha ya mikia aligundua kwamba Wakongo hupanga maneno yao kwa vichwa. Alikuwa akisafiri njia hiyo hiyo ya mwanao, ila yeye alitokea upande wa pili.

Nao jirani zetu walishaivuka njia hiyo. Tarehe 29 Juni 1913, huko Villa Maria karibu na Masaka, Uganda, Basil Lumu na Victor Mukasa walipewa daraja la upadri baada ya miaka mingi ya masomo ya seminari, Kilatini kikiwemo. Kiganda kina ngeli kama Kiswahili: omuntu, abantu. Ngeli hazikuwazuia.

Zaidi ya hayo, vitabu vingi vya zamani vya Kilatini huanza na neno mensa. Maana yake? Meza! Wareno, waliofika pwani yetu mwaka wa 1498, walituachia neno lao mesa, ambalo ni mtoto wa mensa. Mrumi alisema mensa mea, mensae meae. Sisi tunasema meza yangu, meza zangu. Neno lilipotua kwetu liliacha mkia wake, likatii ngeli yetu.

Anzeni nyumbani

Mzazi, huhitaji kujua Kilatini ili umsaidie mtoto. Chukua katoni iliyotupwa na duka la mtaani, kata vipande tisa. Katika vitatu andika mensa, puella na silva, yaani meza, msichana na msitu. Katika vitatu vingine discipulus, oculus na hortus, yaani mwanafunzi, jicho na bustani. Katika vitatu vya mwisho donum, ovum na folium, yaani zawadi, yai na jani.

Changanya, kisha umwambie ayatenge kwa mkia. Akimaliza, aseme wingi wa kila moja: mensae, discipuli, dona, na kuendelea. Mwishowe ataje ngeli ya Kiswahili ya kila neno. Meza iko I-ZI, jicho liko LI-YA, mwanafunzi yuko A-WA. Dakika kumi kila jioni zatosha, kabla ya taarifa ya habari.

Akikosea ngeli, usicheke wala usiseme Kiswahili hakina faida, kwamba Kiingereza ndicho kitakachompa kazi. Ukisema hivyo, unamnyang'anya ufunguo huku ukimlipia mlango. Mwulize tu swali moja: neno hili limebadilika wapi, kichwani au mkiani? Akijibu hilo, mengine atajifunza mwenyewe.