Mtoto anakataa maziwa

Mama, mtoto wako wa miaka miwili anageuza kichwa akiona kikombe cha maziwa? Usimzibe pua ili anywe kwa nguvu. Maziwa yanaweza kuingia katika mapafu, tena kesho atayaogopa zaidi.

Yatie ndani ya uji. Upike kama kila siku, uutoe motoni, halafu ukoroge humo vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya unga: ni karibu nusu ya glasi. Asubuhi na jioni, glasi imetimia, naye hakujua kitu!

Maziwa yana kalsiamu, inayojenga mifupa na meno. Mtoto wa umri huo anahitaji miligramu 500 kwa siku. Glasi moja inampa karibu nusu. Nusu nyingine tafuta katika ndakala zilizokauka. Zioshe mchanga, uzikaange, uzitwange pamoja na mifupa yake mpaka ziwe unga, umtilie katika sombe ya bukari yake.

Baba, maziwa mazito ya kopo yenye sukari usiyanunue kwa kazi hii, yanaharibu meno.

Kama angali ananyonya, aendelee. Kama anaharisha kila akipewa maziwa, mpelekeni dispensari.