Pombe Haitibu Haya

"Daktari, ninywe nini kabla ya kuhutubia harusini?" Kila msimu wa harusi naulizwa hivyo, na muulizaji huwa ameshaamua kunywa, kwangu anatafuta jina la kinywaji na kipimo tu. Jibu ni lilelile: usinywe.

Imani kwamba pombe humwondolea mtu haya inadumu kwa sababu nusu yake ni kweli. Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza ubongo, na baada ya dakika chache wasiwasi hupungua. Mtu anashika kipaza sauti, karatasi mkononi haitetemeki, wageni wanacheka pale alipotaka wacheke. Anarudi kitini akidhani amepona.

Hajapona hata kidogo. Woga wa watu hupungua pale ubongo unaposhuhudia kwamba ulisimama mbele za watu, ukiwa na akili zako timamu, na hukudhurika. Ukilewa, sifa zote zinaiendea chupa. Harusi ijayo woga utakuwa palepale, na ukifanya mazoea, glasi moja haitatosha tena, maana mwili utakuwa umeizoea. Tena pombe inapokwisha mwilini, ubongo uliotulizwa kwa nguvu hushtuka: moyo unadunda, jasho linatoka, na swali la "jana nilisema nini?" halikupi usingizi. Kwa mwenye haya, asubuhi hiyo ni mateso kuliko hotuba yenyewe. Wapo walioanza na glasi ya harusini, leo hawaingii kwenye kikao cha saa tatu asubuhi bila kupitia kilabuni. Kisha mnaniambia ni dawa!

Na si kila haya ni ugonjwa. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano, akiwa na miezi minne tu, hushtushwa mno na vitu vigeni. Wengi wao hukua bila kupata ugonjwa wa woga. Ugonjwa ni pale mtu anapoacha masomo, kazi au uchumba kwa kukwepa macho ya watu.

Sasa cha kufanya. Anza na hatua ndogo: uliza swali moja kikaoni, kesho mawili, kisha toa shukrani mbele ya ndugu. Usiikariri hotuba yote. Shika vizuri sentensi ya kwanza. Pumua taratibu, utoaji uwe mrefu kuliko uvutaji. Propranolol hutuliza mtetemo, lakini iandikwe na daktari. Mwenye pumu asiiguse. Haya ikikuharibia maisha, muone mtaalamu wa saikolojia: tiba ya mazungumzo na mazoezi inafanya kazi, na dawa za kila siku zipo. Mtoto mwenye haya msimchape wala msimcheke.

Na anayekunywa kila siku asiache ghafla akiwa peke yake, kwani anaweza kupata degedege. Aende hospitali kwanza.