Ukitaka akiba idumu, raha nayo itengewe fungu

Msimu wa machungwa unapopamba moto Muheza, malori hupakia mzigo wa Dar es Salaam na Nairobi, na fedha huingia mikononi mwa wakulima kwa wiki chache tu. Baada ya hapo hupita miezi mingi bila kuuza chungwa hata moja. Wapo wanaoishiwa mapema kiasi kwamba, ada za shule zinapodaiwa, hulazimika kuuza matunda yangali machanga mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi.

Hali hiyo haiko Muheza peke yake. Mvuvi wa dagaa katika pwani ya Tanga hupata fedha usiku wa giza na kukaa kando mbalamwezi inapong'aa. Mama anayelima mwani Mkinga husubiri wiki sita hivi ndipo avune. Wote hupata kwa mkupuo, ilhali tumbo linadai kila siku.

Ushauri tuliouzoea ni mmoja: jinyime. Ni ushauri mzuri, lakini nusu yake haisemwi. Anayejinyima kila kitu, asinunue hata kikombe cha kahawa na kashata barazani, mara nyingi huchoka. Siku akichoka huingia soko la Ngamiani na kumaliza kwa saa mbili alichokiweka kwa miezi mitatu.

Funguo wa kisanduku

Magharibi mwa Kenya watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilipima jambo linalokaribiana na hili, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013. Waliwagawia wanachama wa vikundi vya upatu visanduku vya chuma vyenye kufuli, waweke akiba ya matumizi ya afya. Baadhi walipewa funguo zao. Kwa wengine, funguo zilibaki kwa msimamizi hadi watimize lengo.

Wengi wangedhani waliofungiwa kabisa ndio wangefanya vizuri zaidi. Haikuwa hivyo. Waliokaa na funguo zao waliongeza matumizi yao ya kinga ya afya kwa asilimia 66 hivi, lakini kwa waliofungiwa hakukuonekana ongezeko la maana. Mtu husita kutia fedha mahali asipoweza kuzifikia akipatwa na shida.

Panga kabla hujauza

Chukua mfano wa mkulima anayetarajia sh 1,500,000 za msimu, na miezi tisa mbele yake bila mauzo. Anaweza kugawa hivi: palizi na dawa za shamba sh 400,000, ada na sare sh 300,000, chakula sh 70,000 kwa mwezi, yaani sh 630,000, dharura sh 100,000. Zinabaki sh 70,000. Hizo ndizo za raha: pilau la siku ya mauzo, doti ya kanga ya mama watoto, na kidogo cha sikukuu.

Fungu hilo lina faida mbili. Kwanza, familia iliyohangaika shambani inaonja jasho lake. Pili, raha inakuwa na mpaka unaojulikana. Likiisha limeisha, wala haliongezewi kutoka fungu la ada.

Fedha za shamba zisikae mfukoni. Kama dawa au mbolea haiharibiki, nunua wiki ileile unayouza. Utafiti wa Esther Duflo, Michael Kremer na Robinson, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa wakulima wa magharibi mwa Kenya walitumia mbolea zaidi walipopewa nafasi ya kuilipia mara tu baada ya mavuno, wakati fedha bado zipo.

Mtaji si faida

Kwa mfanyabiashara mdogo hatari iko kwenye droo. Mchuuzi anayenunua samaki wa sh 60,000, akatumia sh 8,000 kwa barafu, ushuru na nauli, kisha akauza kwa sh 78,000, hana sh 78,000. Ana sh 10,000. Zile 68,000 ni za kesho, na hazina ruhusa ya kununua hata soda.

Katika hizo 10,000, zikienda 6,000 nyumbani na 3,000 akiba, hubaki 1,000 yake mwenyewe. Akitaka atakunywa supu ya pweza jioni. Akitaka ataziweka siku 26 apate sh 26,000 za shati la Idd. Huo ni uamuzi wake, na mtaji haujaguswa.

Kikundi kikulinde

Kwa anayejua mkono wake ni mwepesi, kikundi ni msaada mkubwa. Katika VICOBA nyingi sanduku lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu tofauti. Hisa hununuliwa mbele ya wote, na mwisho wa mzunguko hugawanywa. Vipo vinavyopanga mgawo uangukie karibu na sikukuu au ufunguzi wa shule. Hakikisha tu kikundi chako kimesajiliwa, kama inavyotaka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kwamba kina mfuko wa jamii wa kukopesha mwenye msiba au mgonjwa.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kula kivulini si kosa, bali kosa ni kula mbegu. Basi kabla lori halijafika shambani, kaeni mume na mke na kalamu na daftari, mwandike kila fungu, la raha likiwamo, kisha mkubaliane ni nani atakayeshika funguo.